Baba Alivyoisemea Sinema Bubu

Nyumbani,
Jumapili, alasiri.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu tele, wewe, wifi na watoto. Yale mafua yamekuachia? Sisi wazima, ila goti la Mama bado linamsumbua, naye haachi kulitumikisha.

Kaka, mpaka sasa nimeduwaa. Ngoja nikusimulie ya Baba.

Unajua tangu mzinga ulipomziba masikio vitani anasoma midomo tu, na wakizungumza wengi anapotea. Tangu uondoke amezidi kujifungia. Hata mezani alikuwa haji, eti amechoka kucheka wenzake wakishamaliza. Tuliogopa tutampoteza angali hai. Jana ukumbi wa mtaa ulionyesha sinema ya zamani ya askari mzee, Mama akamsukuma aende nami: mwenda bure si mkaa bure.

Picha ilipoanza, vijana wakapiga kelele, "Sauti! Fundi, umelala?" Fundi akachungulia dirishani kwake. "Haina sauti, jamani! Ndivyo ilivyotengenezwa!"

Baba akaniuliza wanalalamikia nini. Nilipomweleza akatabasamu. "Basi leo tuko sawa."

Yule askari, koti limechakaa lakini vifungo vinang'aa, alikuwa ameshasahauliwa na kila mtu. Mwishoni akakutana kituo cha treni na mwenzake aliyembeba mgongoni vitani, naye sasa anatembelea mkongojo. Midomo ikacheza, lakini safari hii maandishi ya kueleza maneno hayakutokea. Watu wakaanza kuulizana, kasema nini, kasema nini?

Baba, kwa sauti yake ile isiyojua kipimo, akasema, "Anamwambia, 'Siku ile ulinibeba. Leo niegemee mimi.'"

Kisha mama mmoja wa mbele akageuka, akamwomba aendelee. Baba akaisemea sinema mpaka taa zikawaka, watu wazima wanafuta machozi, na fundi ameshuka kuja kumshika mkono. Sijui alisoma midomo au alisoma moyo wake. Nilimtazama kama mtu nisiyemjua, nikalia bila haya. Kaka, ungekuwepo!

Leo amekula mezani pamoja nasi, na utani juu. Nikamwambia nakuandikia. Akaacha kijiko.

"Mwambie sauti yake nimeshaisahau. Aje, nimwone akisema."

Mimi siongezi neno.

Nibusie yule mtundu wenu mdogo, umsalimie na wifi. Mama na Shangazi wanakusalimu sana. Mungu akufungulie njia.

Mdogo wako akupendaye siku zote,
Kitindamimba