Kadi ya Mahubiri na Jicho la Mama

Yaya wangu Noëla, dada yangu mkubwa,

Nakuamkia kutoka Kadutu, ambako mvua imenyesha siku nne mfululizo na njia ya kwetu imejaa utelezi, hata wenye kiburi wanashuka kilima wakishikana mikono. Wewe na watoto mnaendeleaje? Joto la Sange bado linawapika? Mgongo wa shemeji je? Mimi niko mzima, isipokuwa kikohozi, na hicho nimekizoea kiasi kwamba siku kisipokuja nakiulizia.

Barua hii usimsomee Mama kwanza. Najua kawaida yenu: anakaa kwenye kiti chake, anashika rozari, anakwambia, "Soma, na usiruke." Leo uruke. Isome peke yako shuleni, wanafunzi wakishaondoka, kisha utaamua. Inakuja na Maman Zawadi, muuza maharagi, kwa sababu barabara ya bonde iko kama unavyoijua na simu inashika inapotaka yenyewe. Ndani ya bahasha kuna kadi ndogo ya sauti, ya kuchomeka kwenye redio, nimeifunga kwenye kitambaa. Usiiweke kwenye redio kabla hujafika mwisho wa barua.

Ujumbe wako ulinifikia. Kwamba Mama ameacha matone ya jicho, wiki ya tatu sasa. Kwamba alimsikia Mutumishi, ndivyo tunavyomwita mchungaji wetu, akisema "Tupa!" kwenye kadi ya mahubiri niliyomtumia mimi mwenyewe kama zawadi, naye akainuka akatupa chupa chooni. Na unaniuliza: "Déo, weye uko pale ndani, unaona. Ule mutu iko na Mungu kweli, ao iko teatri, muchezo tu?"

Yaya, umemuuliza fundi wa mikro.

Kazi yangu nikueleze vizuri, maana nyumbani mnafikiri nabeba nyaya tu. Ninakaa nyuma ya kanisa, kwenye meza ya vipaza sauti yenye vifungo vingi. Hakuna aliyenifundisha, nilijifunza kwa kuharibu. Mutumishi akijifuta paji la uso kwa kitambaa cheupe, naongeza mwangwi. Akiinua mkono wa kushoto, mpiga kinanda anaanza chini chini. Akinyamaza na kuangalia juu, nahesabu hadi tatu, kisha nafungulia ile sauti nzito inayotikisa mabati na matumbo. Hapo watu wanaanguka. Roho wa kwetu ana ishara tatu, na zote nazijua kwa kidole gumba. Ile "Tupa!" iliyomwinua Mama kwenye kiti ilikuwa gumba langu. Bila gumba, ni mwanaume mwenye mafua anayesema tupa.

Siku moja umeme ulikatika katikati ya maombi. Mutumishi akaendelea na sauti yake ya kuzaliwa, kama mtu anayeomba kupita sokoni. Watu wakaanza kujipepea na kutazama mlango. Maman mmoja mbele yangu akamwambia mwenzake, "Leo Roho haiko." Mwenzake akajibu bila kugeuka, "Iko njiani. Banaenda kutafuta mafuta ya groupe." Na kweli, jenereta ilipowaka, Roho akafika.

Sikwambii Mutumishi ni mwongo. Ningemjua, maana ninapovaa kaske masikioni nasikia hata pumzi zake. Anaamini. Anasikia sauti yake ikirudi kubwa kutoka ukutani, anafikiri ni Mungu anamjibu. Hilo ndilo linaniogopesha.

Kulikuwa na mtu mmoja tu niliyemshika kama kipimo. Maman Nsimire, mjane anayefagia kanisa. Jumamosi moja nilikuwa najaribu mikro, kaske masikioni, nikasikia mtu anaongea polepole. Nilifikiri redio ya jirani imeingia kwenye nyaya. Ni yeye. Alikuwa anafagia chini ya mimbari, mikro iko wazi naye hajui, anamtajia Mungu watu. "Furaha wa kitanda ya dirisha, mguu yake. Na ule muzee hana mutu, jina sijue, Weye unamujua." Hakupaza sauti, hakulia. Aliongea kama mtu anayetoa ripoti kwa mkubwa wake huku kazi inaendelea. Nilifuatilia, nikakuta kila asubuhi anapeleka uji hospitalini kwa wagonjwa wasio na jamaa. Kanisani hakuna aliyejua. Siku ile, Yaya, nilivua kofia mbele ya vifungo vyangu, na hakuna aliyeniona.

Kisha nikafanya ujinga. Nilimsimulia Mutumishi. Nilifikiri atajifunza kitu.

Alijifunza. Siku ya Mungu iliyofuata alimpandisha Maman Nsimire mimbarini, akampa mikro. "Maman, omba vile unaombaka." Alitoa maneno machache, sauti ikapotea. Mutumishi akajifuta paji la uso. Mimi nikaongeza mwangwi. Gumba lilikwenda lenyewe. Kanisa zima likalia. Baada ya miezi miwili alikuwa na kitenge cha kundi la waombezi na kiti cha mbele. Sasa anajua kunyamaza na kuangalia juu, na mimi nahesabu hadi tatu.

Nilimuuliza habari za uji. "Déo mwanangu, asubuhi tuko na maombi ya redio. Bagonjwa nabaombea kutokea hapa."

Bado anafagia Jumamosi, maana hajapatikana mwingine. Jumamosi iliyopita niliacha mikro wazi kwa makusudi, nikavaa kaske, nikangoja. Nilisikia ufagio. Ufagio tu, mpaka alipofunga mlango.

Basi unaniuliza namna ya kutofautisha. Ninaijua njia moja: msikilize mtu anapofikiri hakuna anayemsikia. Na ukishasikia, usimwambie yeyote. Mimi nilisema.

Nilipopata ujumbe wako nilikwenda kwa Mutumishi. Nilimkuta ofisini anakula sambaza, dagaa wa ziwani, kwa ugali.

"Déo, iko nini?"

"Ni mama yangu, Mutumishi. Daktari alisema jicho la kuume limekufa, na la kushoto linashikiliwa na matone. Amesikia mahubiri yako, ameyatupa."

"Haleluya," akasema, mdomo umejaa.

"Naomba maneno machache tu ndani ya mikro. Umwambie arudilie dawa. Weye atakusikia."

Akajifuta vidole, kimoja kimoja. "Na akibakia anaona, batasema ni Mungu ao ni matone?"

"Batasema anaona."

Akacheka. Hakukasirika, na ningependa angekasirika. "Weye fundi uko na kichwa nguvu. Mama nitamuombea. Lakini ile neno haiwezi kutoka mu kinywa yangu. Bale benye balishatupa dawa yao, nitabaambia nini?"

Nilimwachia sahani yake, nikarudi kwenye meza yangu.

Najua umemwambia Mama ukweli, na ninajua alivyokujibu: wewe ni mtoto wake, na ile ni sauti ya Mungu. Hata padri wa parokia alijaribu, Mama akamwambia kwamba anaongea kama mtu aliyetoka kulala. Nilifikiri kumtumia maombi ya Maman Nsimire ya ile Jumamosi ya kwanza, asikie mtu anayeongea na Mungu bila mwangwi. Sikuyarekodi. Miaka yote hii narekodi kila chafya ya Mutumishi, na siku ile sikubonyeza.

Kwa hiyo nimefanya ninachokijua. Mahubiri yake yote yako kwenye kompyuta yangu. Nilikaa michana mitatu nikikata. "Mama" nililipata kwenye sikukuu ya wamama. "Sange" nililipata siku alipoombea barabara. "Rudilia" lilikuwa la kurudilia wokovu, na "jicho" ni lile la jicho kwa jicho. "Asubuhi na jioni" ni mafundisho yake juu ya sala. "Ni Bwana anasema" yako kwa mamia, nikachagua moja isiyo na mafua. Nimeunganisha, nimeweka kinanda, nimeweka mwangwi, nimefungulia ile sauti nzito. Mama wa Sange, rudilia dawa ya jicho, asubuhi na jioni, ni Bwana anasema. Hakuna atakayesikia mshono.

Chupa mbili za matone anazo Maman Zawadi, ndani ya maharagi. Kilichokwisha kupotea hakirudi, daktari alishatuambia, na wiki tatu zimekula sehemu tusiyoijua. Labda unamwekea dawa kwenye jicho lililokwisha kufa. Weka tu.

Usiniulize tena nani ana Mungu kweli. Mimi na Mutumishi sasa tunafanya kazi moja, na yeye angalau anaamini.

Nisalimie shemeji na mgongo wake. Mjomba wetu anayechunga ng'ombe za watu, mwambie viatu vyake navitafuta. Shangazi wa ng'ambo ya mto, ukimpata. Padri wa parokia, mwambie asiibadilishe sauti yake. Na Mama umsomee hivi: Déo ni mzima, anakula, anasali. Mawili ya kwanza ni kweli.

Jambo la mwisho, kisha uweke kadi. "Dawa" lilikuwa gumu kulipata. Mutumishi analitaja mara nyingi, lakini kila mara analitukana. Nilichukua lile lenye ukali mdogo kuliko mengine, ila ukali umebaki. Mama ana masikio. Atasimamisha rozari, atakuuliza kwa nini Mungu amekasirika pale. Mwambie hujui. Kisha mlaze kichwa nyuma, mfungue kope la kushoto, tone moja.

Mdogo wako wa nyuma ya kanisa,

Déo