Muthama Hajapita Hapa

Lucky Summer, Nairobi
Jumapili, 2 Novemba 2025

Kwa kaka yangu mpendwa Muthama,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, kwa Mama na kwa watoto. Sisi tu wazima, ila goti la Mama limeanza tena ubishi wake. Je, wewe na mkeo Kavindu mnaendeleaje huko Voi? Lori lako lilitengenezwa? Utashangaa kupata barua ya karatasi wakati namba yako ninayo, lakini kwa simu ningekata kabla ya kumaliza.

Mwongeli wangu ametimiza miaka kumi na saba. Wiki mbili zilizopita alikuja na habari za Halowini, sherehe ya kigeni ya kuvaa vinyago na kutishana. Wenzake walikuwa wamealikwa kwenye nyumba fulani ambako, nilipochunguza, pombe ingekuwa nyingi kuliko chakula. Nikamkataza. Akanijibu, "Mathe, kwani we ulizaliwa ukiwa mzee?" Jibu hilo lilinipata. Nikamwambia sherehe itakuwa hapa kwetu, uani, saa nane hadi saa kumi na mbili, bila tone la pombe. Mama alinuna, akasema tunaita mashetani. Nikamkumbusha vinyago vya Baba.

Unavikumbuka? Vile alivyochonga vikapasuka, ambavyo watalii hawangenunua. Wewe ulichukua chenye meno, mimi chenye shavu moja, tukamvizia jirani yetu mzee Ng'ang'a akitoka bafuni na karai lake. Alitufukuza na ndara mkononi, huku ameshikilia taulo lisianguke. Tulivyocheka! Natamani siku moja tu ya zile, kaka.

Basi Ijumaa walikuja vijana karibu arobaini, wamevaa vinyago vya katoni na kujipaka majivu. Wacera, yule binti wa mlango wa pili ambaye sasa ni mama wa watoto watatu, alinisaidia kukaanga viazi. Mimi nilikaa na ndoo ya juisi. Niliichanganya mwenyewe, nikaifunika, nikailinda kama kuku anayeatamia. Hakuna aliyechota ila mimi. Wacera akaja na kikombe chake, akauliza kwa sauti, "Muthama amepita hapa?" Vijana wote wakaitikia, "Hajapita!" Hujui, lakini mtaani umekuwa msemo. Kila penye sherehe watu huuliza hivyo kabla ya kunywa, na hata watoto ambao hawajawahi kukuona huitikia. Kisha Wacera akacheka, na lile pengo la meno mawili likaonekana.

Nami nilicheka pamoja nao. Hapo ndipo nilipojichukia.

Krismasi ile ya mwaka 2003, vijana wa kanisa walipokuchagua uchanganye juisi, ni mimi niliyemwaga pakiti sita za pombe kali ndani ya ndoo ulipoenda kuleta vikombe. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nilitaka tu watu wachangamke. Wacera akalewa bila kujua, akaanguka kwenye ngazi. Baba akakuchapa mbele ya wapangaji wa ploti nzima, akakupeleka kwa mjomba kule Mwingi, na shule yako ikaishia hapo. Uliapa si wewe. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nikaangalia chini. Baba amezikwa akiamini ni wewe.

Jana nilimweleza Mama. Leo kanisani, baada ya matangazo, nilisimama nikasema yote mbele ya watu, na Wacera akiwemo. Alitoka nje, na sijui kama atanisalimu tena. Ni haki yake. Wewe nawe sikuombi unisamehe haraka. Chukua muda wako, hata kama ni mrefu kama niliokuibia.

Mwongeli anakuamkia. Wasalimie Kavindu na watoto. Mama ameniagiza niandike neno lake kama alivyolisema: Krismasi hii usiingie gizani na kuondoka alfajiri kama ulivyozoea. Njoo mchana, watu wakuone.

Ni mimi dada yako,
Kasiva