Naenda Kuishi Tu

Jumapili, jioni. Mvua ilianza saa nane mchana kama kawaida ya huku kwetu Boito na mpaka sasa inagonga mabati tu. Roho yangu haijatulia tangu asubuhi. Nimeanza kuandika nikiwa nimesimama, nikakaa, sasa nimesimama tena.

Leo nimeombewa kanisani kwa jambo ambalo si la kweli, na nimeitikia amina kwa sauti.

Hebu nianze vizuri. Kazi yangu, kwa wale mnaopita hapa mara ya kwanza, ni kuandika maneno yale yanayopita chini ya video. Kampuni iko nje, mimi niko hapa hapa nyumbani, kwenye kijumba changu cha vyumba viwili ndani ya boma la mama. Dirisha langu linatazama majani chai mpaka yanapokutana na mawingu. Mapema mwaka huu bosi alisema hajali nafanyia kazi wapi, bora intaneti isikatike. Alisema hivyo kwa kupita tu, akaendelea na mambo yake. Mimi usingizi ulinihama.

Tangu siku hiyo natafuta nchi ya kupanga nyumba. Sitaki kutembea wiki mbili nirudi na picha. Nataka kupanga kama mpangaji, mwaka, miwili, mpaka nijue ni duka gani lina mkate mzuri na ni mbwa gani hubweka bure. Nataka milima na maji, lakini pia nataka watu, vijana wanaokaa nje jioni wakipiga stori. Hapa giza likiingia unachosikia ni vyura na redio ya mama.

Nilianza na Da Lat, huko nyanda za juu za Vietnam. Picha zake zilinimaliza: maua, ziwa, ukungu, masoko ya usiku. Halafu nikapiga hesabu ya saa nikaona bosi akiamka mimi nitakuwa nimeshasinzia. Nikaiacha, na mpaka leo inaniuma.

Ikaja Batumi, Georgia. Bahari mbele, milima nyuma, maghorofa yenye taa za kila rangi. Nikasoma zaidi nikakuta kwamba hiyo milima yake ina mashamba ya chai. Nilicheka peke yangu hadi nikakohoa. Yaani nipande ndege, nivuke nchi zote hizo, nifungue dirisha nione majani chai?

Ya tatu ni Minho, kaskazini mwa Ureno. Kijani kila mahali, mizabibu, mito, bahari haiko mbali, na kiangazi wanacheza ngoma barabarani mpaka wazee. Kuna mama huko anaitwa Dona Amélia, ana nyumba ndogo ya ghorofani kwenye mji mdogo kando ya mto. Yeye na wakala wa nyumba niliyempata Batumi wote wanataka jibu kesho. Habari ya viza siandiki hapa, nitajipandishia presha bure.

Lakini kilichokuwa kimenishika mguu si viza. Ni mama.

Kwetu mtoto wa mwisho ndiye hubaki. Kaka yangu Kiprono alipewa sehemu yake, akaoa, sasa ana duka mjini Mulot na tunamwona sikukuu kwa sikukuu. Baba alishatutoka. Nyumba ya mama ni yangu baadaye, shamba lililobaki ni langu, na mama mwenyewe, tuseme ukweli, ni wangu. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia nisiende popote. Nimekua nikijua tu.

Alhamisi nikajikaza nikamwambia. Alikuwa anasugua kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya mgando. Akauliza naenda kusoma nini. Nikasema siendi kusoma. Basi ni kazi? Kazi ninayo tayari, mama. Akanitazama kutoka juu mpaka chini akauliza kama nitakimbia, kwa sababu vijana wa huku wakienda majuu bila shule huwa ni mbio za riadha. Mama huyu huyu anajua nikipanda kilima cha kwenda dukani napumua kwa mdomo. Sasa unaenda kufanya nini?

"Kuishi tu, mama."

Akarudi kwa kibuyu chake. 

Sasa leo, katikati ya ibada, pasta akatangaza kwamba kuna kijana wetu anayeenda ng'ambo kwa masomo ya juu, aje mbele tumwombee. Nikageuka nyuma nimwangalie huyo kijana ni nani. Mama akanidunga kiwiko.

Nilienda, ningefanya nini? Kanisa zima likaninyooshea mikono. Wakaniombea mitihani, wakaniombea walimu wangu, wakakemea barafu. Mama mmoja wa kwaya alilia. Nilifumba macho nikaona aibu imenipanda mpaka masikioni, lakini sitadanganya, kuna sehemu yangu iliyofurahi kuombewa hata hivyo.

Tukirudi nyumbani chini ya mwavuli mmoja nikamwuliza kwa nini alifanya vile. Alinijibu bila hasira. Angewaambia watu nini? Kwamba mtoto wake wa mwisho ameacha nyumba, shamba na mama, anaenda mbali kukaa tu? Wangesema tumekosana, wangesema amenifukuza. Masomo yanaeleweka. Sikuwa nimefikiria upande huo hata kidogo.

Kisha akauliza swali moja.

"Jirani yako huko atakuwa nani?"

Nikaanza kumweleza habari za mto na sherehe. Akanikatiza. Alitaka kujua nikiugua ni nani ataona mlango haujafunguliwa aje agonge. Jamani. Nimejua mvua ya Minho ya kila mwezi. Nimejua basi la Batumi linapita barabara gani. Swali hilo halikuwa limenipitia kichwani.

Nilipofika nikawaandikia wote wawili swali hilo hilo. Wakala wa Batumi akajibu haraka na kwa fahari: nisiwe na wasiwasi, nyumba nyingi kwenye ghorofa anayonipangishia hukaa tupu msimu wa baridi, hakuna atakayenisumbua. Dona Amélia alichukua muda, akajibu kwa kuomba radhi. Mlango wa pili anaishi bibi mmoja, Celeste, anawasha redio tangu asubuhi, na nikitoka ataniuliza naenda wapi, nikirudi ataniuliza nimebeba nini. Kama hilo litanikera, ataelewa.

Nilisoma ujumbe wake nikicheka. Nimemkimbia mama nikampata Ureno.

Basi nikatoka mbio kwenye mvua kumwambia mama nimechagua. Sikufika mbali. Nilimkuta mlangoni kwangu, yuko na msichana mwenye buti zilizojaa matope. Akanijulisha: huyu ni mwalimu Achieng', ametumwa shule yetu ya msingi, kwao ni upande wa ziwa, anatafuta nyumba ya kupanga ya muda mrefu. Kumbe wameongea tangu Ijumaa.

Mwalimu akaingia, akaenda moja kwa moja dirishani. Akatoa simu akapiga picha majani chai, akapiga tena. Akasema kwao ni joto na tambarare, na akipata hapa hahami leo wala kesho.

Nikashikwa na wivu, wivu wa kweli. Nikamwambia dirisha hilo hukwama. Nikamwambia kona ile inavuja na vyura hawanyamazi. Yote ni kweli, lakini nilitaka akatae. Akacheka tu, akasema ataleta ndoo.

Nikamwangalia mama. Nilidhani nitaona machozi au lawama, kitu cha kunifanya nibaki. Alikuwa anapangusa kiti changu kwa leso ili mwalimu akae.

"Wewe tafuta jirani wako," akaniambia polepole. "Mimi wangu nimempata."

Ndipo nikaelewa kwamba kule njiani hakuwa ananiulizia mimi peke yangu.

Sasa wako jikoni wanakunywa chai, nawasikia wakicheka. Mwalimu anahamia mwisho wa mwezi. Nimemwandikia Dona Amélia kwamba nakuja, na amsalimie Celeste. Ruhusa niliyokuwa naogopa kuiomba nimepewa, na kijumba changu kina mwenyewe mwingine. Mlango uko wazi kabisa.

Mbona basi nimesimama tu hapa dirishani, nikijaribu kulifungua lile lililokwama?