Vibonge Visivyo na Lebo

Baba,

Nyama iko kwenye sufuria ndogo. Ipashe moto tu, usiongeze chumvi. Vile vibonge vya nyama vya pakiti ~~nimevitupa~~ viko kwenye friji. Vitupe mwenyewe.

Asubuhi nilikufokea, najua. Lakini ulinikazia macho ukasema nyama ni nyama, kumbe lebo umeibandua ukaificha mfukoni mwa shati! Nimeikuta nikifua. Nyama tupu ni nyama, basi. Vibonge vimejaa chumvi, mafuta na mkate uliosagwa, na presha yako hiyo haina utani.

Usisahau dawa ya saa saba.

Marehemu mama naye alinificha hivi hivi vyakula alivyokatazwa na daktari. Kiti chake kiko hapo mbele yako.

Binti yako