Nguo ya Lesi na Mgongo wa Kasuku

Nyumbani,
Chumba cha cherehani,
Jumapili, tarehe 14.

Mpendwa Dada,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa wote waliomo humu ndani. U hali gani, na kazi inakwendaje? Kile kifua kilichokuwa kikikusumbua kimetulia, au bado unakohoa ukipanda ngazi za hilo jengo lenu? Natumaini barua hii itakukuta mzima, umeshakula, na umekaa. Hilo la kukaa nalisisitiza.

Sisi huku hatujambo. Mama hajambo, goti lake linauma asubuhi kukiwa na kazi, linapona jioni wakija wageni. Mimi sijambo. Kasuku wako naye hajambo, na hilo nalitanguliza ili usianze kuruka mistari ukitafuta habari mbaya. Huyo mwanao anakula, anasoma, na anaongea kama tulivyomzoea, yaani kuanzia anapofumbua macho.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia wakati tunaongea kwenye simu kila Jumamosi. Ni kwa sababu kwenye simu nimekudanganya mara mbili, na nikijaribu kukwambia ukweli kwa simu utanikatiza kwa maswali kabla sijafika popote. Karatasi haikatizwi. Dereva wa lori anayekuja huko kesho amekubali kukuletea mkononi.

Dada, jua lilimchoma Kasuku mgongoni. Hii ni wiki ya tatu, na amepona.

Najua uliniambia nini siku ile unaondoka, ukiwa umeshika mlango wa gari. Ulisema ukisikia jua limemgusa mtoto, utamchukua na kumweka shule ya bweni huko huko uliko. Sijasahau hata neno. Kwa mtoto mwenye ualbino jua si jambo la mzaha, na wewe hukuniachia maagizo ili yapambe ukuta. Niliogopa utamchukua, ndiyo maana nikanyamaza.

Kosa ni langu, tena ni kosa la fundi cherehani. Mtu asiyejua kushona asingeweza kulifanya. Kulibaki kipande cha lesi nyeupe kutoka kwenye gauni la mteja, kipande kizuri cha maua maua, nikaona nimshonee Kasuku nguo ya siku ya michezo ya shule. Nikaweka mikono mirefu hadi kwenye viganja, kola inayofunga shingo, na pindo la kufika miguuni. Kifuani na mikononi nikatia bitana ndani, kile kitambaa cha pili cha kuziba matundu ya lesi. Ilipofika mgongoni bitana haikutosha, na siku zile joto lilikuwa kali, nikasema basi, mgongo nao upate hewa. Nikajiona nina akili.

Asubuhi ile nilimpaka losheni yake ya jua usoni, masikioni, shingoni na mikononi, nikamvisha na ile kofia pana. Mgongoni sikupaka. Niliona hakuna maana kupaka mahali palipofunikwa. Kisha nikamwambia, kwa majigambo yangu yote, kwamba nguo hii haipitishi jua.

Kulikuwa na mawingu, na mwalimu wa michezo aliwaketisha watoto chini ya turubai. Lakini kivuli kilihama baada ya chakula cha mchana. Mawingu yakatawanyika, na jua likawa linawapiga kwa nyuma huku wote wameelekea uwanjani. Saa kumi Kasuku akaingia ndani akitembea kwa kujikaza, bila kusema neno. Fikiria mwenyewe, Kasuku bila neno. Nikaacha cherehani ikizunguka.

Nilipomvua ile nguo niliona maua. Kila tundu la lesi lilikuwa limepitisha jua, na kila ua lilikuwa limejichora mgongoni kwake kwa wekundu, kutoka mabegani hadi kiunoni. Nilitambua mchoro wa kitambaa changu mwenyewe. Nikamwuliza kwa nini hakumwambia mwalimu kwamba anaungua.

"Ilikuwa inauma," akasema, "lakini si ulisema haipitishi jua?"

Nikakaa sakafuni. Mtoto aliamini maneno yangu kuliko mgongo wake.

Sasa ungetuona sisi watu wazima. Mama alikuja mbio, na goti lake hilo hilo, ameshika kopo la mafuta ya kupikia. Jirani yetu yule tunayemwita Majibu, kwa kuwa hajawahi kukosa jibu la kitu chochote, alitokea dirishani akisema dawa ya meno ndiyo kiboko ya moto. Mimi nilikuwa nimeshatoa barafu kwenye friji. Kila mmoja na tiba yake mkononi, na mgonjwa amesimama katikati anatutazama kwa mashaka. Nadhani wasiwasi wake ndio uliomwokoa, maana alikataa kuguswa na yeyote kati yetu mpaka aitwe muuguzi.

Muuguzi wa zahanati, yule wa nyumba ya tatu, alikuja akiwa bado na sare zake. Alituondolea silaha zote. Mafuta ya kupikia, alisema, yanaufungia moto ndani. Dawa ya meno inachokoza ngozi iliyoungua. Barafu nayo inaiumiza upya, kana kwamba haijaumizwa vya kutosha. Mama alirudi jikoni na kopo lake akinung'unika kwamba yeye alitulea sote kwa mafuta hayo na hakuna aliyekufa.

Tulichofanya kilikuwa kitu rahisi mno, hata nikaona aibu. Tulimkalisha kwenye beseni la maji ya kawaida, ya baridi ya kiasi, bila sabuni, tukawa tunamwagia mgongo taratibu kwa kikombe. Alipochoka kukaa tulimlaza kifudifudi, tukamfunika kitambaa cha pamba kilicholoweshwa na kukamuliwa. Kikipata joto tunakilowesha tena. Kumkausha ni kwa kumgusagusa tu na taulo laini, si kumsugua. Na ngozi ikiwa bado na unyevu, tunampaka losheni nyepesi isiyo na manukato, au ule ute safi wa mshubiri alioleta muuguzi. Mara ya kwanza alipopakwa alifumba macho akasema, "Aa, hapo hapo, usiondoe mkono." Sikuuondoa mpaka ukafa ganzi.

Muuguzi alimpa dawa ya maumivu ya watoto, akaipima kwa uzito wake, akanionya nisimpe za watu wazima zilizo kabatini. Tena akasema anywe maji mengi. Hilo Kasuku aliligeuza kuwa biashara: kila kikombe kimoja nimsimulie jambo moja ulilofanya ukiwa mtoto. Samahani, Dada. Anajua habari ya wewe na viatu vya mwalimu mkuu.

Kesho yake mgongo ulizidi wekundu, na kwenye bega la kushoto yakatokea malengelenge matatu madogo. Hapo niliogopa kweli. Nikambeba mapema, jua halijapanda, tumejifunika mwavuli na shuka, hadi zahanati. Daktari alimkagua pole pole, kila upande, akasema hayajafika mahali pabaya, tusiyatoboe, yatanywea yenyewe. Akanitajia mambo ambayo nikiyaona nisingoje dakika: homa, kutapika, mtoto kulegea au kuongea ovyo, malengelenge makubwa, usaha, au kidonda kisichofunga. Niliuliza kuongea ovyo nitakutambuaje kwa mtoto huyu. Daktari hakucheka. Kasuku alicheka, na akaumia mgongo kwa kucheka.

Hakuna hata kimoja kilichotokea, namshukuru Mungu. Homa haikuja. Siku ya tatu alilala usingizi wake wote bila kuamka, nami nikalala kitini kando yake kama gunia. Siku ya tano ngozi ikaanza kubambuka kama ganda la kitunguu, na kazi yangu ikawa kumshika mikono asijikwangue. Alivaa fulana zangu kuukuu za pamba, zinamfika magotini, na wiki nzima hakutoka nje mchana. Siku ya kumi muuguzi alimkagua akasema ngozi imefunga vizuri. Nilimkumbatia muuguzi wa watu mpaka kofia yake ikaanguka.

Sasa nirudi kwenye uongo wangu. Jumamosi ya kwanza ulipopiga nilikwambia anaoga. Kuoga alikuwa anaoga kweli, ila sikukwambia ni beseni la ngapi siku hiyo. Jumamosi ya pili ulipopiga kwa video nilimpa simu, lakini nikamkalisha mgongo ukielekea ukutani usiuone, na nilikuwa nimemwomba asikuambie. Akaniitikia. Mliongea dakika ishirini na hakusema, mtoto yule ambaye hajawahi kuficha hata zawadi. Ulipokata simu akaniuliza kama bado tunamficha mama. Dada, hilo limenichoma kuliko lile la lesi. La lesi nilikosa kwa kutojua. Hili nilijua, na nikamtia na mtoto.

Jana mtandao ulikatika ukashindwa kupiga. Nikashukuru moyoni. Kisha nikaona haya kwa kushukuru, na ndiyo sababu leo nimeifunika cherehani nikachukua kalamu.

Ile nguo nimeikata vitambaa vya kufutia mashine mafuta. Nguo zake zote nilizitoa kabatini, nikazikagua moja moja mbele ya dirisha. Ninayoiona inapitisha mwanga, inatiwa bitana nzima au inatoka. Nimetumia kitambaa kizito kilichofumwa kwa kubana, na losheni sasa anapakwa hata panapofunikwa. Kasuku ndiye mkaguzi. Ananyanyua nguo dirishani, anafumba jicho moja, anasema, "Rudisha kwa fundi." Fundi anarudishiwa kazi na mtu wa miaka tisa, na anaishona upya.

Alhamisi hii iliyopita, siku yake ya nne tangu arudi darasani, saa nne asubuhi nilisikia mlango. Ni yeye, na kofia yake, na kikaratasi cha ruhusa kutoka kwa mwalimu. Akasema, "Mama Mdogo, shingo imeanza kuwaka, nimeona nirudi kabla haijauma." Nilimpeleka kwenye mwanga nikamkagua kila mahali. Hakukuwa na kitu. Ni lebo ya sweta iliyokuwa ikimkwaruza. Nilimwambia amefanya vyema kabisa, na arudi hata mara kumi kwa siku, hata kwa ajili ya lebo. Kisha nikaenda uani nikalia kidogo, kwa furaha safari hii.

Dada, uamuzi ni wako. Wewe ndiye mama yake. Ukisema unamchukua, nitamfungia begi mimi mwenyewe na nitakaa kimya, maana ulinionya na mimi nikakosa. Lakini ukiniuliza moyo wangu, nataka abaki. Nyumba hii bila kelele zake sijui nitaikaaje. Nisamehe kwa mgongo wake, na nisamehe zaidi kwa zile Jumamosi mbili. Ukipiga tena, simu nitampa yeye kwanza, na nitatoka chumbani.

Mama anakusalimu sana, anasema uvae sweta. Shangazi naye anakusalimu, na Majibu ameniomba nikuandikie kwamba dawa ya meno haikupewa nafasi ya haki. Muuguzi anakusalimu pia. Ukipata muda mtumie neno la shukrani, anastahili. Nawe unisalimie yule mwenzako wa chumbani anayeimba akipika.

Mungu akulinde kwenye ngazi hizo, akupe usingizi mzuri hata baada ya barua kama hii, na atukutanishe wazima.

Ni mimi mdogo wako, mkosaji, akupendaye siku zote,

Fundi.

Kasuku ameisoma barua yote, nilimpa mwenyewe, na amesema hapa chini panamtosha:

Mama, ni mimi. Mgongo umepona, nimejiangalia kwa vioo viwili. Mama Mdogo alilia kuliko mimi kwa hiyo usimgombeze sana. Tafadhali usinihamishe. Kama lazima unihamishe basi na yeye aje.