Ndizi Zilizoivia Foleni Tunduma

Dada Tumaini, shikamoo. Huku Tunduma ni vumbi na baridi, na mimi nimekata tamaa. Ile programu yangu ya kupanga zamu za malori kwenye yadi ya mpakani imekwama tangu juzi. Nyumbani niliijaribu kwa malori arobaini, ikapanga kufumba na kufumbua. Hapa ikiulizwa nani ametangulia, inavuta orodha ya malori ya miaka yote na kuyapanga yote kwa mpigo mmoja. Kumbukumbu ya kompyuta inajaa, inahamia kwenye diski, nayo inajaa, basi inazimika.

Mama mmoja kutoka Hasamba, kwao wanakolima kahawa, anayetuuzia chai hapa, alinisikiliza mpaka mwisho. “Sisi kahawa hatumwagi gunia zima mezani, baba. Unachambua inayotosha meza, unaweka pembeni, unachota nyingine.”

Ndiyo dawa yenyewe, ila kuiandika programu upya ni siku mbili, na foleni haisogei. Dereva mmoja wa ndizi kutoka Ileje, aliyekwama foleni tangu juzi, hakunigombeza. Alinipa chane lililoiva hadi kupasuka. “Kula wewe. Zambia hazifiki tena.”

Nakuombea afya, dada. Mama akiuliza, mwambie huku nakula ndizi tamu sana.

Mdogo wako, Ezekia