Ukuta wa Mujinga

Jumamosi. Kiangazi. Baridi ya asubuhi imenipasua midomo, na vumbi la barabara ya machimbo limeingia mpaka kwenye bakuli la sukari. Naandika upesi kabla giza halijaingia, maana umeme wa mtaa wetu siku hizi hauna adabu.

Kesho baada ya misa nitasimama mbele ya watu kwenye foyer, ukumbi wa mtaa, nimevaa kitenge changu cha sikukuu, niwatambulishe wachoraji watatu vijana wa hapa Kolwezi. Kazi hiyo nimepewa kwa sababu nafundisha Kifaransa, na mkurugenzi wa foyer anaamini kwamba mwalimu wa Kifaransa anaweza kuzungumzia jambo lolote lile. Sharti lake lilikuwa moja tu: kwa kila mchoraji nieleze anapata wapi msukumo wa kazi yake.

"Citoyenne, utie bankambo ndani," aliniambia, akinyoosha kola ya abacost, suti yake isiyo na tai. "Bankambo na ngoma. Authenticité!"

Basi, kwa jina la mababu na uasili, wiki nzima nimezunguka kuwauliza wenyewe.

Kalala anachora kwa rangi ya mafuta juu ya vitambaa vya magunia ya unga. Anachora mamba-muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki na saa ya dhahabu mkononi, na anachora simba akimrukia mtu wa baiskeli. Nilimuuliza msukumo wake ni upi. "Inspiration, Madame? Mi nachoraka bile bantu banapenda kutundika mu salon. Siku bakichoka na simba, mi pia nitachoka naye." Nilicheka mpaka nikajifuta machozi. Huyo nitamweleza bila shida.

Mutombo anagonga mabati ya shaba kwa nyundo na msumari, anatoa swala na wanawake wanaotwanga. Alikulia ua mmoja na fundi wa sufuria, na anasema mikono yake haijui kukaa kimya. Huyo naye ni rahisi.

Wa tatu ni Mujinga.

Mujinga nilimfundisha. Alikuwa akichora pembeni mwa daftari wakati mimi nahangaika na vitenzi ubaoni, nami nilimgombeza sana. Baadaye aliolewa na Monga, kijana mpole aliyefanya kazi kwenye mgodi upande wa Mashamba, wakapewa nyumba ya kampuni kule Kapata, wakapata mtoto mmoja, Kabibi. Wakati wa mvua zilizopita Monga aliugua ini. Hakukaa sana.

Nilikuwa kwenye matanga. Kwa hiyo niliona kwa macho yangu ndugu wa marehemu walipoanza kutoa vitu nje. Ni desturi, wakasema, ni bitu bya ndugu yetu. Kitanda kilitoka, kabati likatoka, redio, cherehani, viti. Wanaume walikuwa wanapitisha kabati mlangoni huku wanawake bado wanaimba nyimbo za kilio, na wanawake ikabidi wasogeze mikeka. Mwisho shemeji mmoja alichukua picha ya harusi ukutani. Sidhani alitaka picha. Ile fremu ilikuwa nzuri.

Ndiyo ilikuwa picha pekee ya Monga.

Mujinga alibaki na mkeka, sufuria na mtoto wa miaka minne. Kampuni ilimwachia nyumba kwa miezi michache. Kisha siku moja Kabibi akaanza kuuliza redio iko wapi. Aliuliza asubuhi, akauliza jioni, mpaka mama yake akachukua kaa la jikoni na kumchorea redio palepale ukutani iliposimama, na vifungo vyake vyote. Mtoto akanyamaza. Kesho yake akauliza kabati.

Hivyo ndivyo alivyoanza. Alichora kabati mahali pa kabati, kwa ukubwa wake, vikombe vikionekana nyuma ya kioo. Alichora cherehani na kipande cha kitambaa kikiwa bado chini ya sindano. Nyekundu aliitoa kwenye udongo wa barabarani. Kijani alikipata kwa kusaga mawe ya shaba ambayo Monga alikuwa akimletea mtoto ya kuchezea. Vyote alivikoroga na uji wa muhogo ili vishike.

Mwisho akachora kiti, na juu ya kiti akamchora mumewe.

Nilipoingia mara ya kwanza, Jumanne hii, nusura nimwamkie. Ameketi, mikono juu ya magoti, ameinamisha kichwa kidogo kama alivyofanya ukisema naye. Nilikaa chini kwenye mkeka nikalia bila aibu, mwalimu mzima, mpaka Mujinga akaniletea maji. Nilimuuliza uso ameutoa wapi, ilhali picha ilibebwa na shemeji.

"Ku mutoto," akasema. "Namuangalia Kabibi akilala. Paji njo ya baba yake, midomo njo ya baba yake. Halafu naongeza miaka."

Nikamuuliza lile swali la mkurugenzi, nikijiona mpumbavu. Msukumo wake ni nini?

"Madame, mi sijue hiyo. Balibeba byote. Ukuta njo balishindwa kubeba."

Tangu Jumanne sikuwa na jambo jingine kichwani. Ukuta haubebeki kuletwa foyer, kwa hiyo nilipanga kwamba kesho, hotuba zikiisha, niwaongoze watu wote kwa miguu mpaka Kapata. Wamwone Monga. Wajue kwamba katika nyumba zile zinazofanana zote kuna moja yenye kazi ambayo sijaona mfano wake.

Shida ilikuwa moja. Nyumba ilitakiwa kurudishwa wiki hii, na kila nyumba ikirudishwa hupakwa chokaa kabla mwingine hajaingia. Mujinga anarudi kwa mama yake, kule Mutshatsha. Nilikwenda ofisi ya nyumba, nikakaa kwenye benchi, nikarudi tena siku iliyofuata, nikakaa tena. Karani aliyenisikiliza ni mtu mwema. Alikwenda mwenyewe kuutazama huo ukuta, na jana akanijibu kwamba chumba cha mbele wapaka chokaa watakiruka, na kwamba mpangaji mpya hana neno. Nilitembea kurudi nyumbani nikitabasamu peke yangu barabarani.

Leo asubuhi nilikwenda Kapata na mkate kwapani, niwape habari njema.

Mlango ulikuwa wazi. Ndoo ya chokaa ilikuwa katikati ya chumba. Redio haikuwepo. Kabati halikuwepo. Cherehani lilikuwa limebaki gurudumu tu. Mujinga alikuwa amefunga kitambaa kichwani, mikono myeupe mpaka kwenye viwiko, anapaka.

Nilipiga kelele. Nasema ukweli, nilimfokea kama vile bado yuko darasani. Nikamwambia aache mara moja, karani amekubali, ukuta utabaki, kesho watu wanakuja, jina lake litajulikana mpaka Lubumbashi. Alinisikiliza mpaka mwisho, brashi ikidondosha chokaa sakafuni.

"Aksanti, Madame. Ulihangaika sana juu yangu," akasema. "Lakini Kabibi anakatala kwenda."

Sikuelewa. Akanieleza polepole, kwa sauti ndogo, maana mtoto alikuwa ua wa nyuma. Jana alifunga mizigo. Kabibi akaifungua. Akaifunga tena, mtoto akaifungua tena, akatoa nguo zake akazipanga chini ya miguu ya baba yake. Kila asubuhi mtoto huyu humwamkia baba ukutani kabla ya kumwamkia mama. Chakula akipewa, anakulia pale. Na jana, alipoona kwamba safari ni kweli, alishika ukuta kwa mikono miwili akalia mpaka akatapika.

"Ananiuliza: Tata atabakia na nani? Atapikiwa na nani?" Mujinga alitazama brashi. "Nitamujibu nini, Madame? Mi njo nilimuweka pale. Nilifikiri namusaidia mutoto. Kumbe namufunga."

Niliuweka mkate dirishani. Mimi ambaye naweza kuzungumzia jambo lolote lile.

Kisha akaniomba nimchukue Kabibi, nimtembeze kidogo, mpaka amalize. Alikuwa amebakiza Monga. Alisema alishajaribu kumpaka mara moja alfajiri, chokaa nyepesi, lakini ilipokauka Monga alionekana tena ndani ya weupe, na macho yake yalikuwa bado yanamtazama. Sasa amekoroga nzito.

Nilimshika mtoto mkono, tukatoka. Tulifuata safu za nyumba mpaka kwa mama anayeuza maandazi. Kabibi alitaka mawili, moja akalifunga kwenye kona ya kanga yake ndogo. Sikumuuliza ni la nani. Alinieleza habari za jirani aliye na bata, na kwamba bata hajui kusalimu. Nilizunguka naye kuliko nilivyoahidi, nikitazama milango ya watu, nikijilazimisha kucheka kila aliposema jambo. Ndani yangu nilikuwa na hasira na shemeji aliyechukua fremu. Nilikuwa na hasira na wote. Hata sasa ninayo.

Tuliporudi, chumba kilikuwa cheupe na kina unyevu, na kinanuka chokaa. Mujinga alikuwa ameshanawa. Alisimama karibu na mlango, nami nikasimama nyuma ya mtoto nikingoja kilio.

Kabibi hakulia. Aliutazama ukuta wote, akaenda kuugusa, akatazama kiganja chake cheupe.

"Tata alitoka?"

"Ndiyo," mama yake akasema. "Alitoka."

"Anatutangulia ku gare?"

Mujinga alinitazama mimi. Na mimi, Mungu anisamehe, nikatazama chini. Kabibi akachukua kitita chake cha nguo akakiweka kichwani, akasema basi twende upesi, tata asichoke kungoja.

Niliwasindikiza mpaka stesheni. Treni ya Mutshatsha ilikuwa imejaa magunia na mabeseni na kuku, lakini tulipata benchi karibu na dirisha. Kabibi alipanda, akaketi, kisha akavua kanga yake akaitandika vizuri kwenye nafasi ya pembeni yake. Juu yake akaweka lile andazi.

Akaja mama mmoja mfanyabiashara, mnene, anahema, na kapu lake la samaki wakavu. Akataka kukaa.

"Hapana, mama," Mujinga akasema taratibu. "Iko na mwenyewe."

Mama yule hakukasirika. Alitazama kanga, akatazama mtoto, kisha akatoa kichwa dirishani akaniona mimi nimesimama chini. Filimbi ilikuwa imeshalia. Akanipigia kelele kwa moyo mzuri kabisa: "Madame, ee Madame! Umuite basi bwana yake! Train inaenda, atabaki!"

Mujinga aliinamisha uso. Kabibi alikuwa ananiangalia, ameshika ukingo wa dirisha kwa mikono yote miwili.

Nikageuka. Nikatazama mlango wa stesheni, nikainua mkono, nikamfanyia ishara ya kuja mtu ambaye hayupo.

Behewa likaanza kusogea. Nilibaki hivyo, mgongo kwa treni, mkono juu, kwa sababu niliogopa kwamba nikigeuka Kabibi atauona uso wangu. Mpagazi mmoja alinipita akafuata mkono wangu kwa macho, akatazama mlangoni, hakuona mtu, akaendelea na mzigo wake.

Sasa nipo hapa mezani na karatasi ya kesho. Kalala nimemwandika. Mutombo nimemwandika. Chini ya jina la Mujinga hamna kitu, na mkurugenzi alishapita mchana kuuliza kama safari ya Kapata iko palepale. Nilimwambia hakuna tena cha kuona kule. Akasema pole sana, basi nimwondoe kwenye programu, wawili wanatosha.

Simwondoi. Nitalisoma jina lake kwa sauti kama ninavyosoma majina darasani, na litakuwa jina la mchoraji. Nitasema alichora nini, na kwa udongo gani, na nani alikipaka chokaa, na kwa nini. Nikilia, watanivumilia.

Lakini kwenye stesheni nyingine, kule Mutshatsha, leo hii, Kabibi ameshashuka na anamtafuta baba yake. Na mkono uliomwambia anakuja ulikuwa wangu.